Kikombe cha Njano cha Mama Sylvie

Ketura ana pua kali, na Bwera nzima inalijua hilo. Gunia la unga wa muhogo likifunguliwa mbele yake haangalii rangi wala haguswi na bei. Anainamisha kichwa, anavuta pumzi mara moja, na hapo hapo anakwambia kama muhogo ule ulinyeshewa njiani, kama ulilala karibu na mafuta ya taa, kama panya walipita. Wanunuzi wa Kasese, na wale akina mama wa Hima wanaowapikia vibarua, wanaiamini pua yake kuliko macho yao wenyewe. Shida ni kwamba alizoea kunusa magunia mpaka akaanza kunusa watu.

Alizaliwa Mahango, juu mlimani, akaolewa Bwera, akazaa mtoto mmoja, Tonny, ambaye siku hizi yuko Hima kiwandani na huonekana Krismasi. Mume alikufa mapema. Kabla ya kuolewa, akiwa na miaka ishirini na mitatu, aliokoka, na tangu siku hiyo hajakosa ushirika wa walokole isipokuwa juma lile alilojifungua.

Walokole wana desturi yao wanayoiita kutembea nuruni. Ukiwa na dhambi huifichi. Unasimama mbele ya ndugu, unaitaja kwa jina lake, na kama inamhusu mtu aliyepo, unamtaja na yeye. Wenzako wanaimba, wanakukumbatia, unakaa chini umepoa. Ketura alikuwa bingwa wa mambo hayo. Kwa miaka thelathini alikuwa ameshataja hasira, kijicho, uvivu wa kuomba, hata siku aliyofurahi jirani yake alipofiwa na ng'ombe. Alipoinuka tu, watu waliacha kukohoa wapate kusikia, maana alikuwa na kipaji cha kusimulia. Dhambi yake ilikuwa tamu masikioni kuliko mahubiri ya wengine.

Sasa kuhusu kikombe.

Ule mwaka wa ebola, ng'ambo ya mto watu walipokuwa wakifa na mpakani pakawekwa mapipa ya maji ya klorini, kila mtu wa Bwera alimwogopa kila mtu wa Kongo. Hilo tulisamehe, woga ni woga. Ketura alinunua kikombe cha plastiki cha njano, akakitundika kwenye msumari wake peke yake, mbali na vikombe vingine, akasema hicho ni cha wanaotoka ng'ambo. Ugonjwa ukaisha. Mapipa yakaondolewa, watu wakarudia kushikana mikono, ndoa zikafungwa huku na huku kama zamani. Kikombe hakikuondoka msumarini.

Geneviève alimkuta nacho. Alivuka miaka minne iliyopita, mjane kutoka upande wa Beni, ambako watu wenye mapanga walikuwa wameingia kijijini kwao alfajiri. Binti yake, Sylvie, alimwacha Butembo kwa masista apate kusoma, naye akaja Bwera kutafuta kazi, kwa kuwa kaka yake Anselme alikuwa akiuza vitenge huko mpakani. Ketura alimchukua kwenye muhogo. Ni kazi ya uvundo. Muhogo unamenywa, unavundikwa kwenye lundo siku tatu au nne mpaka uote ukungu, halafu unakwanguliwa, unapondwa, unaanikwa juu ya turubai. Asiyezoea akipita hapo anafunika pua. Geneviève alizoea kwa siku mbili, akawa anajua kwa kupitisha kiganja tu juu ya lundo kwamba kesho asubuhi lifunuliwe.

Siku ya kwanza, saa nne, Ketura alimwekea chai kwenye kikombe cha njano. Geneviève alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akatabasamu. Ketura aliliona lile tabasamu na hakulielewa, wala hakujisumbua kulielewa. Mama Sylvie alipomaliza na kwenda kuanika, Ketura alikishika kikombe kwa ncha za vidole viwili, akakipeleka nyuma kando ya choo, akakimwagia klorini, akakisuuza huko huko. Hivyo ndivyo alivyofanya siku ile, na kesho yake, na kila siku ya kazi kwa miaka mitatu. Mwanamke anayejua nusu ya Biblia kwa moyo! Jioni akiongoza maombi ya nyumbani alikuwa akimwombea Mama Sylvie kwa jina, kwa machozi kabisa, na Geneviève, ambaye ni Mkatoliki na huomba kwa namna yake, alikuwa akiitikia amina.

Hata kuandika haya kunatia kichefuchefu, lakini bado hayajaisha.

Mwaka jana mwezi wa nane walokole wa wilaya nzima walikusanyika Kasese. Ketura alimbembeleza Mama Sylvie waende wote, akampa na kitenge kipya cha kuvaa. Walikaa safu ya tatu. Aliyefundisha ni Mzee Yeseri wa Karusandara, mtu wa heshima, mvi tupu, sauti ya taratibu. Alifundisha yale maneno ya Mtume kwamba mtu ageuzwe kwa kufanywa upya nia yake. Akasema wengi wamebadilisha nguo na kuacha pombe, lakini fikra zao ni zile zile za kabla ya kuokoka, zimepigwa rangi tu. Akasema kila mmoja achungulie ndani ya kichwa chake, aone ni chumba gani hakijafagiliwa.

Ketura akachungulia. Tusimwonee, alichungulia kweli. Na mara moja akaona msumari, na kikombe juu yake. Akainuka.

Kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kila kabila alisema kwa Kiswahili, na mkalimani akasimama pembeni na kipaza sauti chake ayarudie kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji.

"Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mimi nataka kuweka kitu kwa nuru. Huyu mama mwenye mnaona hapa, Mama Sylvie, tunafanya kazi na yeye. Mimi niko na kinyaa na yeye. Miaka tatu! Akikaa karibu na mimi nasikia harufu yake, tumbo inageuka."

Mkalimani akarudia, na alipofika kwenye tumbo akajishika tumbo lake, akakunja uso, watu wakacheka kidogo. Lhukonzo na lugha ya kwao Geneviève ni mtu na ndugu yake. Kwa hiyo mama yule aliyasikia yote mara mbili, na mara ya pili kwa lugha ya mama yake.

"Niko na kikombe nyumbani, ya njano," Ketura akaendelea. "Ile ya watu ya Congo, ya wakati wa ebola. Yeye nampatia chai na hiyo. Akienda, naishika na vidole mbili, hivi, naosha na klorini kule kwa choo. Haiwezi kukaa na vyombo yangu. Na mimi najiita mutu ya Mungu! Lakini leo Bwana ameniosha. Mama Sylvie, nisamehe."

Uwanja mzima ukalipuka kwa wimbo. Watu walipiga makofi, walilia, walimkumbatia Ketura, na Ketura akahisi ule wepesi anaoujua, kama mtu aliyetua kuni. Mzee Yeseri akampelekea Geneviève kipaza sauti.

"Mama, umemsamehe dada yetu?"

Geneviève alikuwa amesimama wima ndani ya kitenge kipya. Alikitazama kipaza sauti, akamtazama Mzee, akasema neno moja.

"Aksanti."

Wakalipokea kama msamaha na wimbo ukaanza upya. Ikapangwa foleni ya kumkumbatia. Mmoja baada ya mwingine walikuja, wakamkumbatia, wakapita, naye akabaki amenyoosha mikono yake ubavuni. Kwenye foleni hiyo alikuwamo Mackline, kiongozi wa akina mama. Alimkumbatia Geneviève, akamwambia Yesu anampenda, akapiga hatua mbili. Halafu, bila hata kufikiri, akajifuta viganja vyake kwenye gauni lake la gomesi, mbele na nyuma.

Ketura alimwona. Akamchukia Mackline papo hapo, chuki safi, na akaanza kutunga kichwani atakavyoitaja chuki hiyo kwenye ushirika wa Jumatano. Maneno yenyewe yalikuwa yanakuja vizuri. Alikuwa amefika katikati ya sentensi ya pili ndipo akajishtukia, akaketi.

Walirudi Bwera kwa pikapu ya kanisa. Ketura alikaa mbele na dereva, Mama Sylvie nyuma juu ya mabenchi na akina mama wengine. Malori ya saruji yaliwatimulia vumbi mpaka walipokata kona ya kwenda Bwera. Walipofika kwa Ketura, Geneviève aliingia ndani mara moja, kisha akaenda zake.

Jumatatu Geneviève hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano Ketura alikwenda kuchukua kikombe chake cha chai, akaona msumari wa kile cha njano uko mtupu. Na tuseme ukweli wote: wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Mkongo amemwibia kikombe. Siku tatu baada ya kuoshwa na Bwana mbele ya umati!

Lundo la muhogo lilikuwa limepitiliza. Hapakuwa na kiganja cha kulipima, na yeye na pua yake hawakujua siku ya kulifunua. Alipofunua, uvundo ulimpiga usoni akarudi nyuma. Akachukua kisu akaanza kukwangua ukungu mwenyewe, kazi ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka mitatu. Ilipofika saa nne alinawa kwa sabuni mara mbili, akakaa chini na chai yake, akainua kikombe mdomoni, na akaisikia. Harufu ile. Ile ile aliyowatangazia watu wote wa Kasese. Alinusa kiganja cha kulia, akanusa cha kushoto. Haikuwa harufu ya Kongo wala ya Geneviève. Ilikuwa harufu ya muhogo wa Ketura, wa stoo ya Ketura, uliomlipia Tonny ada na kumwezekea yeye bati. Mwenye pua kuliko wote Bwera alishindwa kuijua bidhaa yake mwenyewe kwa sababu ilikuwa kwenye ngozi ya mtu mwingine.

Aliimwaga chai.

Alhamisi Mzee Yeseri alipita Bwera kusalimia, akamkuta amekaa kizingitini hajachana nywele. Ketura akamweleza.

"Mzee, mimi sijapona. Mama Sylvie ameenda. Mimi niko vile vile."

"Dada Ketura," Mzee akasema kwa upole, "wewe ulishasema. Ile kitu iliisha pale Kasese. Ukirudi kuichimba unampa shetani nafasi. Wewe endelea na sifa."

"Na yeye je?"

"Alisema aksanti. Sisi wote tulisikia." Kisha akauliza kama kuna chai.

Ketura alimchemshia, akamtazama akinywa kwa raha, akipuliza, na akajikuta anamwonea kinyaa mzee wa watu, pamoja na mvi zake na upole wake. Lakini kinyaa hicho hakikusimama kwa Mzee, kilimrudia. Miaka thelathini alikuwa akiyatoa mawazo yake nje kama maji ya kuoshea vyombo, anayamwaga mlangoni pa watu, anarudi ndani amefurahi kwamba beseni ni jeupe. Hakuna hata wazo moja alilokuwa amelibadilisha. Alikuwa amelihamisha tu. Ile hasira ya kwanza kabisa aliyoitaja akiwa msichana, dhidi ya wifi yake, bado alikuwa nayo. Aliitafuta, akaikuta palepale, nzima. Na wifi alipokufa hawakuwa wanasalimiana.

Mzee alipoondoka, Ketura alijifunga kitenge akaenda mpakani kwa Anselme. Miaka mitatu, na hakuwa anajua Mama Sylvie analala wapi.

Anselme alikuwa akikunja vitenge. Hakumkaribisha kukaa.

"Mama, unatafuta nini kwa dada yangu?"

"Nataka kujua nyumba yake. Na..." Akasita, lakini mdomo wake ulikuwa umezoea. "Na kile kikombe. Hakiko."

Anselme aliacha kukunja.

"Kikombe," akasema. "Sikia, Mama. Kwetu, mu nyumba ya mama yetu, kila mutoto alikuwa na kikombe yake. Yangu ilikuwa ya buluu, ya Geneviève ilikuwa ya njano. Mugeni akikuja anakunywa mu glasi ya bageni, hata akuwe mukubwa namna gani. Mutu ya nyumba, yeye, iko na kikombe yake, na mutu mwingine haiguse. Batu ya nyumba bote bakafa, kikombe yote ikabakia kule. Sasa ile siku ya kwanza kwako, dada yangu alifika hapa jioni, analia, anacheka. Nikamuuliza, kuko nini? Akaniambia: Anselme, nimepata nyumba. Banamipatia kikombe."

Ketura alishika nguzo ya kibanda.

"Miaka tatu alikuwa anaandikia Sylvie hivyo," Anselme akasema, akaanza tena kukunja. "Nyumba yake iko kule chini, karibu na mto. Mlango ya bati, ya pili. Mimi sisemi uende, sisemi usiende."

Alikwenda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kutembea. Alimkuta Geneviève amechuchumaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Chumba nyuma yake kilikuwa kimefagiliwa: kitanda, msalaba, picha ya Sylvie na sare ya shule, na kwenye kirafu kidogo, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kikombe cha njano peke yake.

"Karibu, Mama Tonny. Ikala," Geneviève akasema, akamsogezea kigoda.

Ketura akakaa. "Mama Sylvie, nimekuja nitubu. Mimi nilikuwa..."

"Hapana." Geneviève hakupandisha sauti. "Usiseme tena. Kule Kasese ulisema, ukajisikia muzuri. Mimi niko nayo mpaka sasa. Nalala nayo. Kila fasi napita, batu banajua ulikuwa unafanyaka nini na kikombe yangu. Kama unasema tena leo, nitaiweka wapi?"

Ketura akafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukwangua lundo. Maneno yalikuwa yamejaa, mazuri, yenye machozi yake tayari, na aliyasikia yakimrudia ndani moja moja, na yalikuwa na uvundo.

Akavuta ungo, akaanza kuchambua sombe. Geneviève alimwacha. Walichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha Geneviève akainuka, akanawa, akaingia ndani. Ketura akamfuata kwa macho mpaka kwenye kirafu. Mkono wa Geneviève ulikipita kile kikombe, ukachukua glasi iliyokuwa imefudikizwa chini ya kirafu, glasi nzuri, ya maua. Akaichotea maji ya mtungi, akamletea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Glasi ya wageni.

Ketura aliipokea. Pua yake, ambayo haina haya, ikafanya kazi yake: ikamwambia maji yametoka mtoni, mtungi haujasuguliwa majuzi, mkono ulioshika ukingo wa glasi umetoka kwenye majani. Kinyaa kilikuwapo, kizima, hakikuwa kimeoshwa na mtu yeyote Kasese. Akakiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni asiyealikwa, akanywa. Akanywa yote. Hakumwambia Geneviève kilichompitia, na Jumatano iliyofuata Mzee Yeseri alipouliza nani ana neno la kuweka nuruni, watu wakageuka kumtazama yeye, wakanyamaza wasikie. Ketura akabaki amekaa. Mackline akamnong'oneza mwenzake kwamba dada yetu amepoa kiroho.

Geneviève hakurudi kwenye muhogo wa Ketura. Ana lundo lake sasa, dogo, kule kando ya mto, na siku mbili kwa juma Ketura hushuka huko kukwangua ukungu. Hawazungumzi sana. Wakati mwingine Mama Sylvie humshika Ketura kiganja akakiweka juu ya lundo, amfundishe joto la siku ya kufunua, na Ketura bado hajalijua vizuri. Pua hulalamika kila mara. Saa nne hunywa chai. Geneviève hunywa katika kikombe cha njano, na Ketura katika glasi ya maua, tangu mwezi wa nane mwaka jana mpaka leo. Kikombe chake mwenyewe hajapewa, na hajaomba.